Siku moja maishani mwangu: mistari 43 ya msimbo

Saa 12:30 asubuhi

Naanika nguo. Jirani yangu, mzee mstaafu wa bandari, anapita na mswaki mdomoni. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, halafu swali lake la kila siku: "Leo tena huendi kazini?" Namjibu kazi iko ndani. Anaguna kwa upole, kama mtu anayemsitiri binti wa mwenzake. Mwaka wa 4 huu tunaishi ukuta kwa ukuta hapa Tabata, na najua anaamini niliachishwa kazi nikaona aibu kusema. Majirani wengine wanajua mimi ni "mtu wa kompyuta", kwa hiyo wananiletea simu zilizopasuka kioo.

Mzee, na nyie wa vioo, hii ni yenu.

Saa 2:00

Chai, chapati mbili za kwa mama wa kona, laptopu wazi.

Ninakagua msimbo, yaani maandishi yanayounda programu. (Wengine husema kodi. Mimi neno hilo nimeliacha tangu mama mwenye nyumba alipolisikia dirishani akadhani nimepata.) Mwenzangu anaandika mabadiliko kwenye programu, mimi nayasoma kabla hayajaingizwa, nasema yaingie au yarudi. Nisiposema, hayaingii. Na programu yenyewe si ya kuuzia tiketi wala ya kutuma pesa. Ni dibaga.

Dibaga ni programu ya kuchungulia ndani ya programu nyingine inapokuwa inaendeshwa. Unaisimamisha unapotaka, unauliza kigeu fulani (jina linalobeba thamani) kina thamani gani sasa hivi, unaisogeza hatua moja, unauliza tena. Yetu ni GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, na nembo yake ni yule samaki anayetema maji kudondosha wadudu, maana wadudu ndilo jina la utani la hitilafu kwetu sisi. Kampuni iliyoniajiri iko Ulaya. Inachukua GDB, inaongeza vitu vyake, inawapa wateja wanaotengeneza bodi ndogo za kuendeshea mota na pampu.

Kipande changu ni mlangoni kabisa: pale mstari uliouandika wewe unapochanganuliwa ili ijulikane unataka nini. Mlango huo una tabia zake. Amri unaweza kuifupisha mradi isichanganywe na nyingine, ila herufi `s` peke yake ni `step`, ingawa amri zinazoanza na s zimejaa tele. Imependelewa tu kwa sababu inatumika sana. Ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, amri ya mwisho mara nyingi hujirudia. Watu wameishi na tabia hizo miaka mingi, vidole vimezizoea. Ukigusa kitu hapo, umegusa vidole vya watu.

Saa 2:40

Leo kuna mabadiliko ya mistari 43. Kijana mwenzetu wa Ujerumani ameyatuma jana jioni, na anayahitaji leo kwa sababu kuna mteja amelalamika.

Malalamiko ya mteja yana haki. Amri ya `print` inaonyesha thamani, na ina machaguo yake: ukitaka muundo mrefu upangwe vizuri, unaandika `print -pretty -- orodha`. Hivyo vistari viwili vya katikati ni vya lazima. Ukivisahau, GDB inakuambia hakuna kitu kinachoitwa `pretty`, na wewe unakasirika, maana unajua kabisa kipo. Mabadiliko ya kijana yanaondoa ulazima huo. Neno la kwanza likianza na kistari na likafanana na chaguo, lihesabiwe chaguo. Lisipofanana, lirudishwe kwenye hesabu kama kawaida.

Nikasoma. Msimbo msafi, majina mazuri, majaribio matatu yote yanapita. Ukiniona saa hiyo ungesema mzee ana haki: mwanamke amekaa, mkono shavuni, dakika 40 hajaandika neno.

Nilikuwa naangalia kistari.

Kistari kina kazi mbili. Kwenye `-pretty` ni alama ya chaguo. Kwenye `-5` ni alama ya hasi. Na `print` hupewa hesabu yoyote unayotaka, `print -x + 3` na kadhalika. Hiyo ndiyo sababu ya vile vistari viwili, na maelezo ya GDB yenyewe yanasema hivyo: hesabu inaweza kufanana na chaguo, au na chaguo lililofupishwa. Hapo kwenye "lililofupishwa" ndipo chapati iliponikwama. Machaguo nayo yanafupishwa. `-p` inatosha kwa `-pretty`.

Saa 4 kasoro

Nikaandika programu ya mistari kumi. Ndani yake `int p = 7;` na `int v = 12;`. Nikaiendesha kwenye GDB yetu ya zamani, nikauliza `print v`, ikajibu `$1 = 12` (`$1` ni namba ya jibu tu). Nikauliza `print -p`, ikajibu `$2 = -7`. Vizuri.

Nikafungua yenye mabadiliko. `print v`: `$1 = 12`. `print -p`: `$2 = 12`.

Tazameni hapo. Nimeuliza hasi ya p, nikajibiwa v. Haikugoma, haikulalamika. Iliona `-p`, ikasema hili ni `-pretty`, ikatafuta hesabu baada yake, ikakuta hamna kitu. Na `print` isiyo na kitu, kwa desturi yake ya siku zote, inarudia thamani ya mwisho iliyoonyeshwa. Kila kipande kimefanya kazi yake sawasawa na jibu ni la uongo.

Programu ya kawaida ikikosea, unafungua dibaga. Dibaga ikikosea unafungua nini? Mtu yuko kiwandani, pampu inazunguka kinyume, anauliza namba, anapewa ya kigeu kingine, anaiamini. Atapoteza siku mbili akitafuta kosa mahali lisipo.

Nikamwandikia kijana, kwa adabu, na matokeo yote mawili nikayabandika.

Saa 5:15

Jibu limekuja. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililokula siku yangu.

Kwanza alisema hakuna mtu atakayeandika hivyo. Sentensi hii ningekuwa nalipwa shilingi kila nikiisikia ningeshahama hapa. Halafu akaleta hoja, na ilikuwa hoja nzuri, ndiyo iliyoniudhi zaidi: kwenye lugha ya C, alisema, `p` karibu kila mara ni kielekezi, yaani kinabeba anwani ya kitu, na anwani haigeuzwi hasi. Kwa hiyo `-p` haina maana kwa watu wa kweli, na mfano wangu ni wa kutunga.

Nikasimama, nikaenda kunywa maji. Ana akili kijana huyu. Nikarudi nikapitia machaguo ya `print` moja moja, nikitafuta herufi zinazotosha peke yake. `-r` hapana, inagombaniwa na `-raw-values` na `-repeats`. `-s` nayo hivyo hivyo. `-e` inakwenda kwa `-elements`, lakini hiyo inadai namba, kwa hiyo itapiga kelele. Kelele si uongo, naweza kuivumilia. Nikafika `-vtbl`, ambayo hakuna anayeigombania. Kwa hiyo `-v`.

V ya volteji. Kwa wateja wa mota.

Nikajaribu `print -v * 2`. Jibu sahihi ni hasi 24. Dibaga mpya ikaondoa `-v` ikaiweka kando kama chaguo, ikabaki na `* 2`. Nyota ikiwa mbele ya namba haina maana ya kuzidisha. Ina maana ya "nenda kwenye anwani hii usome". Ikaenda kwenye anwani ya 2. Kwenye laptopu yangu ikarudi na kusema haiwezi kuifikia kumbukumbu ya `0x2`, asante Mungu. Lakini bodi za wateja wetu hazina mfumo endeshi wa kuzuia mlango, na huko anwani za mwanzo kabisa mara nyingi kuna kitu. Ingesoma, ingeleta namba, na namba ingefanana na namba nyingine yoyote.

Nilicheka peke yangu chumbani kwa sauti. Nadhani mzee alinisikia, na hilo nalo ataliongeza kwenye orodha yake.

Saa 7

Wali maharage. Kikao cha video cha nusu saa ambacho kingetosha kuwa ujumbe wa mistari miwili. Joto. Mawingu yamejaa lakini mvua inasitasita, masika haya hayaeleweki. Kijana ametuma toleo la pili: ameikataza `-v`. Hiyo moja tu. Nikamrudishia.

Saa 8 na kitu

Huku akirekebisha nikaanza kuendesha majaribio yote ya GDB, ambayo si machache. Yameandikwa kwa lugha ya Tcl, yanakaa kama mtu mbele ya dibaga: yanaiandikia amri, yanasubiri jibu, yanalinganisha. Feni ya laptopu inalia kama pasi ya mvuke. Mengine yanafeli kwa sababu mashine imechelewa kujibu tu, kwa hiyo kila linalofeli lazima uliendeshe tena bila mabadiliko, uone kama lilikuwa na ugonjwa wake tangu zamani.

Yakiwa yamefika kwenye theluthi mbili hivi, umeme ukakatika.

Laptopu ina chaji. Lakini kisanduku cha intaneti kimezimika, na majaribio nilikuwa nayaendesha kwenye seva ya mbali, na kwa uvivu wangu wa asubuhi sikuyaweka kwenye kikao kinachoendelea chenyewe mtu akikatika. Yakafa nami. Kosa langu, nimelifanya mara ngapi sijui. Nikawasha bando la simu, nikaingia, nikaanza upya. Chumba bila feni. Mlango nikaufungua, wakaingia watoto wa jirani kuuliza kama kuna katuni.

Sasa ule muda wa kusubiri ndio unaochosha kuliko kusoma. Macho yako kwenye mistari ya PASS inayopanda, PASS, PASS, PASS, huwezi kufanya kitu kingine cha maana, huwezi kulala. Akaja dada wa nyumba ya pili na simu haiwaki. Nikamwambia dada, mimi sitengenezi simu. Akasema basi niangalie tu. Nikaangalia. Ilikuwa haina chaji, na umeme hamna.

Mawili yamefeli. Nikayaendesha peke yake bila mabadiliko. Yamefeli hivyo hivyo. Magonjwa ya zamani.

Sikumbuki toleo la tatu liliingia saa ngapi. Taa za mtaani zilikuwa zimeshawaka, umeme umerudi, na mimi nilikuwa nimejilaza sakafuni kwenye vigae kwa sababu vina ubaridi. Nikasoma nikiwa hapo hapo chini. Safari hii amekaa akafikiri. Bila vistari viwili, ufupisho haukubaliki kabisa: uandike jina zima la chaguo, au ihesabiwe hesabu. Na jina zima likikutwa ni kigeu kilichomo kwenye programu ya mtu, kigeu ndicho kinachoshinda. Mteja anapata `print -pretty orodha` yake, na `v` ya mtu mwingine haiguswi. Majaribio yamekuwa kumi na moja, na la kwanza ni lile la `-v * 2`. Kwenye maelezo yake ameandika kwamba mfano umetoka kwa mkaguzi. Hakuandika samahani, wala sikuitaka.

Nikaiandikia: iingie. Neno hilo moja ndilo pato langu la leo, ukihesabu kwa macho ya nje.

Kabla ya kufunga nikafungua ile programu yangu ya mistari kumi kwa mara ya mwisho, sijui hata kwa nini, mikono tu. `print -v`. Ikajibu `$1 = -12`. Nikabonyeza Enter, mstari mtupu. `$2 = -12`. Nikabonyeza tena. `$3 = -12`.

Nikafunga laptopu nikatoka kuanua nguo. Mvua ilikuwa imeshazitangulia, zinachuruzika zote, na mzee yuko barazani kwake na redio. "Nilikugongea," akasema, "nikajua umelala."