Mabati Kumi na Nane

Nyumba yetu ya Hombolo, mkoani Dodoma, ilikuwa na mabati 18. Hesabu hiyo siisahau kwa sababu kwa karibu mwaka mzima watu walikuwa wakiyahesabu. Mtu anapita njiani na ndoo yake, akifika usawa wa nyumba anapunguza mwendo, macho yanapanda juu ya paa, midomo inacheza kimyakimya. Kisha anaendelea na safari.

Baba aliyanunua mwaka 2005 baada ya mavuno mazuri ya zabibu, akatutoa kwenye tembe la Bibi, lenye paa la udongo. Bibi mwenyewe alikataa kuhama. Tembe likabaki uani, na yeye ndani yake.

Mabati waliyokuwa wakiyatafuta juu ya paa letu yalikuwa ya kanisa. Baba alikuwa mhazini. Boma la kanisa jipya lilikuwa limesimama miaka mitatu bila paa, na michango ikaja kukamilika katika mwaka mgumu kuliko yote niliyoishi utotoni. Mvua za 2005 kuingia 2006 zilitukataa. Nchi nzima ilikuwa kwenye mgao wa umeme, na kwetu Ugogo watu waliuza mbuzi kwa bei ya kutupa ili wanunue mahindi. Hata hivyo walitoa. Wajane walileta kuku. Ndiyo maana sijawahi kuwalaumu watu kwa kukasirika. Shilingi 640,000 zilizotoka kwenye njaa ile zilipopotea, ilikuwa lazima wakasirike.

Baba alisema amemkabidhi mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mwenyekiti akasema hajapokea kitu. Stakabadhi hakuna. Kosa la Baba ni hilo, na alilikiri tangu siku ya kwanza: aliona haya kumwomba ndugu yake katika Kristo aweke sahihi.

Jumapili moja ya Oktoba 2006 jina lake lilisomwa kwenye matangazo, katikati ya tangazo la ndoa na tangazo la mazoezi ya kwaya. Ametengwa ushirika mpaka atakaporudisha fedha. Hakuna aliyekuwa amekuja nyumbani kuzungumza naye. Mathayo 18 inataka umwendee ndugu yako kwanza ninyi wawili peke yenu, halafu uende na mashahidi, ndipo ulipeleke jambo mbele ya kanisa. Kwetu walianzia mwisho.

Mama alikuwa mbele, kwenye kwaya, amevaa sare, anatazamana na sisi. Baada ya matangazo kwaya ilikuwa na wimbo. Nilidhani atatoka. Hakutoka. Aliimba sauti ya pili kutoka mwanzo hadi mwisho, macho yake yameganda kwenye ukuta wa nyuma, na mkono wa kulia umekamata pindo la sketi kwa nguvu hivi kwamba tulipofika nyumbani kitambaa kilikuwa bado kimekunjamana pale pale. Aliivua sare, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku la bati. Tangu siku hiyo sikumsikia akiimba, hata jikoni.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Watoto wenzetu walitupa jina: Bati. Tukipita, mmoja anaokota jiwe na kugonga debe. Mdogo wangu alianza kukojoa kitandani. Usiku mmoja nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba atapanda juu, ayang'oe yote 18 akayatupe uwanjani kwa kanisa, na Mama akamjibu, "Ukifanya hivyo utakuwa umekubali."

Kilichotuumiza zaidi ni meza. Zamani Baba hakugusa chakula bila kuomba, na maombi yake yalikuwa marefu mpaka ugali unaota ngozi. Baada ya Oktoba ile alikaa, akanawa, akatia mkono kwenye sahani. Basi. Sisi watoto tuliangaliana, hatujui kama tunaruhusiwa kufumba macho. Mavuno ya Februari yalipofika, tenga la kwanza, ambalo kila mwaka alilipeleka kanisani kama malimbuko, alilitua mlangoni na kuliacha. Hakuna aliyethubutu kula. Zabibu zilinyauka, nyuki wakazijia, mwishowe Bibi akawapa mbuzi.

Walikuja watu kutuhimiza tusamehe. Walikuwa na nia njema. Lakini hata mmoja wao hakutaja jambo lenyewe tulilotakiwa kulisamehe. Walisema "yaliyotokea", kana kwamba ni mvua ya mawe.

Mwinjilisti alikuja Septemba 2007, alasiri, tukiwa shambani tunavuna. Mzee wa miaka sabini hivi, ndiye aliyenifundisha katekisimu. Alikuwa anaikokota baiskeli kwenye mchanga, na upepo wa msimu ule, ule wa vumbi jekundu, ulikuwa umempaka mpaka kwenye nyusi.

"Mbukwenyi," alitusalimu kwa Kigogo. Halafu: "Habari za shamba, Mhazini?"

Miezi kumi na moja hakuna aliyemwita Baba hivyo. Baba hakugeuka. Mkasi uliendelea kukata.

"Karibu kivulini, Mwinjilisti," Mama alisema.

"Nikikaa nitashindwa kusema." Alibaki amesimama, mikono yote miwili kwenye usukani. "Sijatumwa na mtu. Siku ile nilikuwa stoo napanga vitabu vya nyimbo. Nilikuona ukimpa bahasha. Nikakusikia ukimwambia ahesabu, naye akasema atahesabia nyumbani. Walipokusoma mbele ya watu nilikuwa nimekaa benchi la pili. Nilitakiwa kusimama tu. Sikusimama."

Mkasi ulinyamaza.

"Kwa nini?" Ni Mama aliyeuliza.

"Niliogopa, mama. Nyumba ninayokaa ni ya kanisa, na mke wangu ni mgonjwa. Nikajiambia ukweli utajitokeza wenyewe."

"Wanangu walipita mlangoni kwako kila siku, mzee wangu. Wakigongewa debe."

"Niliwaona," alisema. "Nilikuwa naingia ndani ili nisisikie."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Angeweza kusema hakujua. Angeweza kuongeza mstari wa Biblia, alikuwa nayo mingi kichwani. Hakuongeza kitu. Alisimama pale machozi yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu, na mimi nilisikia kitu kikilegea tumboni mwangu, kwa sababu mtu mzima alikuwa ametamka kwa kinywa chake kwamba tulikuwa tunaumizwa na yeye alikuwa anaona.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nimesikia." Hakusema nimekusamehe. Aliangalia jua, akaangalia mistari iliyobaki, akamnyooshea mzee mkasi. "Ile miwili haijaguswa."

Mwinjilisti alivua koti akalitundika kwenye nguzo. Alikuwa anajua kazi. Alishika kila kichala kwenye kikonyo ili asifute ule unga mweupe juu ya tunda, akakigeuza, akatoa punje zilizooza kwa ncha ya kidole, akakilaza taratibu ndani ya tenga. Walifanya kazi mstari mmoja, huyu upande huu wa waya na yule upande ule, bila maneno, mpaka giza likaanza kuingia. Alipotaka kuondoka, Baba alimfungia tenga dogo kwenye keria. "Hizi si za kanisa," alimwambia. "Mpelekee mama mgonjwa."

Kuhusu kanisa nitasema kwa kifupi. Mzee alisimama mbele ya wazee wa kanisa akayarudia yote. Desemba barua ya kumrudisha Baba ililetwa nyumbani na mtoto. Haikusomwa kwenye matangazo. Fedha hazikuonekana, mwenyekiti alihama, na sisi tulikwenda kusali kwingine, kijiji cha pili, kilomita saba kwa miguu. Ilikuwa hivyo kwa miaka.

Lakini usiku ule wa Septemba Bibi alitoka kwenye tembe akaja kula na sisi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Kulikuwa na ugali wa mtama na mlenda. Tulinawa. Baba akanyoosha mkono kuelekea sahani, ukaishia njiani. Akaurudisha pajani.

"Bwana," alisema. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Tunashukuru kwa chakula hiki. Na kwa mzee aliyekuja. Na kwa..."

Akakwama. Tulingoja, macho tumefumba, ugali unapoa. Nilimsikia akivuta pumzi na kushindwa. Ndipo Mama akaipokea sala pale ilipoangukia, kwa sauti ya chini, akawataja watoto wake mmoja mmoja kwa majina, na alipomtaja mdogo wangu Bibi akaitikia "Amina" kwa nguvu, wakati Mama bado alikuwa anaendelea.