Riwaya za Asia Kusini zinataka penseli

Vikundi vya kusoma hapa Moshi vikifika kwenye riwaya za Asia Kusini, mjadala huishia palepale: wazazi wakali, mtoto wa kisasa, mila zimepitwa. Nusu saa imekwisha, kitabu hakijaguswa. Msomaji anamtafuta anayekataza kwa kufoka, wakati shinikizo huja taratibu pamoja na chai, kama shangazi anavyouliza Desemba watu wakirudi vihambani, kwenye mashamba ya ukoo mlimani: unaoa lini?

Chukua The Namesake ya Jhumpa Lahiri, ya 2003. Wazazi ni Wabengali wanaoishi Marekani. Jina rasmi la mtoto linasubiriwa kwa barua ya bibi wa mama yake, kutoka Calcutta, India. Barua haifiki, hospitali inataka jina la cheti, baba anaandikisha Gogol, jina la mwandishi wa Kirusi. Akiwa na miaka 18 kijana anakwenda mahakamani kujiita Nikhil.

Gawa ukurasa wa daftari safu mbili, Gogol na Nikhil. Kila anapoitwa, andika nani kamwita na mbele ya nani. Usihangaike kuhesabu, angalia mtu anapohama safu. Wazazi wanamtembelea chuoni, wanamwita Nikhil mbele ya wenzake kama alivyotaka, naye papo hapo anajiona si mtoto wao. Hapo simameni, msikimbilie sura inayofuata.

Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, kwa hiyo suala la mkubwa kutoa jina tunalishika haraka. Haraka hiyo ndiyo inayotuponza: tunasema Gogol ameukana ukoo. Lakini Gogol ni la Mrusi. Lenye asili ya kwao ni Nikhil!

The God of Small Things ya Arundhati Roy, iliyopata tuzo ya Booker 1997, safu haziifai. Hadithi inarukaruka kati ya Desemba 1969 na miaka 23 baadaye, hivyo choreni kwanza mstari wa matukio, la sivyo mtabishana nani alijua nini lini. Kisha mtazameni Vellya Paapen, mtu wa tabaka lisiloguswa, la chini kabisa India. Ni yeye anayekwenda mwenyewe kwa familia ya Ammu, mwanamke wa tabaka la juu, kumsema Velutha, mwanawe wa kumzaa, kwamba ana mapenzi na Ammu, na kujitolea kumuua. Bila kutumwa na yeyote. Ukurasa huo usomwe kwa sauti, na asiyemaliza kitabu aje tu: kifo cha Velutha kimeshatajwa sura ya kwanza.