Nimeangalia Pain Hustlers, nimecheka, halafu nikakasirika

Jana usiku nimemaliza Pain Hustlers, ile filamu ya Netflix ya mwaka 2023. Mwongozaji ni David Yates, yule wa filamu za mwisho za Harry Potter. Emily Blunt ni Liza, mama wa Florida anayelea binti peke yake na hana kazi ya maana. Chris Evans ni Pete, muuza dawa mwenye mdomo, anayemtungia wasifu wa uongo na kumwingiza kwenye kampuni inayochungulia kaburi. Dawa yao ni fentanili, dawa kali ya maumivu inayoweza kumfanya mtu ateja, ya kupuliza chini ya ulimi, kwa maumivu makali ya wagonjwa wa saratani. Shida ni moja tu: madaktari hawaiandiki.

Mimi nauza dawa dukani, kwa hiyo hao vijana wa kampuni za dawa, wa shati la pasi na begi la magurudumu, nawafahamu. Wanajua daktari gani anapenda mpira na mtoto wake anasoma wapi. Wanaacha kalamu, kalenda, saa ya ukutani yenye jina la antibayotiki. Kwenye filamu mbinu kubwa ni semina: daktari analipwa ili azungumze, watu wanakula na kunywa, mazungumzo yenyewe hayapo. Anayeandika dawa nyingi anaalikwa tena. Huku kwetu hilo halihitaji ufafanuzi, posho na takrima tunazijua.

Ila ukweli wenyewe unachekesha kuliko filamu. Kisa kimetokana na kampuni ya Insys Therapeutics ya Arizona, na dawa yao Subsys iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2012. Humo walitengeneza video ya rapu ya kuwapa moyo wauzaji: vijana wawili wanaimba kuhusu kuwasukuma madaktari wapandishe dozi, na pembeni yao chupa kubwa ya Subsys inacheza. Mwisho mtu anajivua ile chupa, kumbe ni Alec Burlakoff, bosi wa mauzo! Mwaka 2019 video hiyo ilionyeshwa mahakamani Boston, raia walioteuliwa kuamua kesi wakiangalia. Mwandishi wa vichekesho angeogopa kuandika hivyo, angeambiwa anazidisha chumvi. Mwanzilishi, John Kapoor, alitiwa hatiani Mei mwaka huo na Januari 2020 akapewa miezi 66 jela.

Kuna kitengo kingine cha kampuni hiyo ambacho ningekipa nusu ya filamu. Bima hazikutaka kulipia dawa ya maelfu ya dola kwa mwezi kwa mtu asiye na saratani. Basi wafanyakazi wa kampuni wakawa wanapiga simu bima wakijifanya wanatoka ofisi ya daktari, wanasema mgonjwa ana saratani, hata kama anaumwa mgongo. Hebu fikiria mtu anaingia kazini asubuhi, anavaa kipaza sauti, anawagawia watu saratani hadi saa ya chakula.

Badala yake Yates ametuletea binti wa Liza, mgonjwa anayehitaji upasuaji wa gharama. Tangu hapo kila anachofanya mama tunamsamehe, na kejeli inakosa meno. Sikatai, Blunt anaigiza vizuri, na Catherine O'Hara kama mama yake alinichekesha kuliko wote. Lakini nilikuwa nataka nisimpende mtu yeyote mle ndani.

Hasira yangu ilikuja nilipozima, maana nilianza kufikiria mofini, dawa ya zamani ya maumivu makali. Uganda, Hospice Africa iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 imeonyesha jinsi ya kutuliza maumivu ya saratani kwa bei ya chini kabisa: unga wa mofini, maji, na rangi ya kutofautisha nguvu ya dozi. Mgonjwa anakunywa nyumbani kwake, na wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Hapa Dar ukienda Ocean Road, hospitali ya saratani, utaikuta mofini ya maji. Haina muuzaji, haina kamisheni, hakuna wa kuletewa saa ya ukutani kwa ajili yake.

Ndugu wa wagonjwa wanakuja dirishani kwangu kuuliza dawa ya maumivu "yenye nguvu". Nawaambia hiyo siuzi, warudi hospitali waombe mofini. Hapo sauti inashuka: "Hatakuwa teja?" Mgonjwa mwenyewe ana miaka sabini, saratani imeshafika kwenye mifupa, usiku hapati usingizi. Nawaeleza kwamba kwa mtu kama huyo, kwa dozi ya daktari, hofu hiyo isimnyime usingizi. Wapo wanaokubali. Wapo wanaonunua panadol na kuondoka.

Yates akipata wazo la sehemu ya pili, kiti kipo hapa nyuma ya kaunta. Chai nitanunua mimi.