Kishingo wa Kusini apimwe kwa kipimo kipi?

Ukienda na kishingo, kuku wa kienyeji mwenye shingo isiyo na manyoya, viwanja vya Ngongo mkoani Lindi wakati wa Nane Nane, watu watamsifu kwa ukubwa na mng'aro wa manyoya. Lakini ukubwa si ukoo. Jogoo mkubwa anaweza kuwa chotara wa juzi tu, na vifaranga wake wakatoka kila mmoja na sura yake.

Marekani, American Poultry Association, chama cha wafugaji wa kuku, ilianzishwa mwaka 1873 kumaliza ubishi wa namna hiyo, na mwaka uliofuata ikatoa kitabu cha viwango. Uingereza nao wana Poultry Club tangu 1877. Kila ukoo umeandikiwa umbo, upanga wa kichwani, rangi ya miguu, idadi ya vidole, na uzito wa jogoo, pora (jogoo mchanga), koo (kuku jike mzima) na mtetea (jike mchanga), kila mmoja peke yake. Mwamuzi humpima kuku kwa maandishi hayo, si kwa jirani yake wa tundu la pili. Zipo kasoro za kupunguza alama, na zipo za kumtoa kabisa, kama mdomo uliopinda au mkia ulioegemea upande mmoja.

Kishingo yumo kwenye kitabu cha Wamarekani tangu 1965. Jogoo wao anatakiwa afike kama kilo 3.9 na koo kilo 2.9. Tukiazima uzito huo tutakosea vibaya: watakaoshinda ni chotara wa nyama, na kuku wetu mwepesi, anayejitafutia chakula chini ya mikorosho, ataonekana mbovu. Kiwango chetu kitokane na kuku wetu.

Pa kuanzia ni shingo yenyewe. Mtazame kwa mbele, chini karibu na kifua. Akiwa na kishada cha manyoya pale, amerithi shingo tupu kwa mzazi mmoja tu. Ukipandisha wawili wa aina hiyo, kwa wastani robo ya vifaranga watakuwa na shingo ya kawaida, nusu watakuwa na kishada, na robo shingo safi. Hao wa mwisho wamerithi kwa baba na mama. Wapandishe wao kwa wao, na vifaranga wote watatoka vishingo. Manyoya yao ni machache kuliko ya kuku wa kawaida kwa takriban asilimia 40, na joto la pwani hawalioni sana.

Wapimeni asubuhi kabla hawajala, kwa mzani wa kuning'iniza, mkiwagawa kwa jinsia na umri. Andikeni hata wale wadogo. Mkichagua wazuri tu, wastani utadanganya. Rangi ya manyoya isiwaumize kichwa mwanzoni, umbo litangulie. Na majogoo wasitoke boma moja: wakipandana ndugu kwa ndugu, mayai mengi hayataanguliwa na vifaranga watakuwa dhaifu. Badilishaneni, wa Mikindani aende Nachingwea.

Kabla ya kukutanisha kuku wa vijiji tofauti, wachanjeni dhidi ya ugonjwa wa mdondo (kideri) angalau wiki mbili mapema. Chanjo iitwayo I-2 ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Siku yenyewe, kuku aliyezubaa au anayehara kinyesi cha kijani asitoke bandani, hata kama ndiye mzuri kuliko wote.