Ulikuwa Mtoto wa Namna Gani?

Somo: 1 Samweli 17:31–58, 2 Samweli 4:4

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kuna swali la Sauli ambalo kila nikilisoma hunisimamisha. Daudi anatoka kwenda kumkabili Goliathi, na mfalme anamgeukia Abneri, mkuu wa jeshi lake: "Kijana huyu ni mwana wa nani?" Lakini rudi nyuma sura moja tu. Utamkuta Daudi huyohuyo akimpigia Sauli kinubi ili apate nafuu, na Maandiko yanasema Sauli alimpenda sana, hata akamfanya mbeba silaha wake. Wafafanuzi wameeleza kwa njia nyingi jinsi sura hizi mbili zinavyokaa pamoja, na leo siingii huko. Ninachokiona mimi ni jambo lililopo majumbani mwetu: unaweza kumpenda mtu, ukautegemea mkono wake kila jioni, na bado usijue alikotoka.

Na nini kilimfanya Sauli akubali kijana aende? Mwanzoni alikataa. Ndipo Daudi akamsimulia ya machungani: simba alikuja, na dubu, akanyakua mwana-kondoo, nami nikamfuata nikampokonya kinywani mwake. Hapo ndipo mfalme aliposema, "Enenda."

Mefiboshethi, mwana wa Yonathani na mjukuu wa Sauli, naye ananigusa zaidi. Alikuwa na miaka 5 habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya wake akambeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Miaka mingi baadaye anaitwa mbele ya Daudi, anasujudu na kujiita mbwa mfu. Asiyejua habari za siku ile atasema huyu anajidharau mno. Anayezijua atanyamaza kwanza.

Ndugu zangu, ni mangapi tunayowahukumia wapendwa wetu kwa kutojua? Mke anakagua komeo la mlango, anarudi kitandani, anainuka tena kukagua. Mume anaguna. Kisha siku moja mke anasimulia jinsi walivyovunjiwa nyumba akiwa mdogo, akajibanza uvunguni akisikiliza nyayo za watu asiowajua zikipita karibu na uso wake. Tangu siku hiyo anayeinuka kwenda kukagua komeo ni mume.

Basi tuulizane. "Mwulize baba yako," inasema Kumbukumbu la Torati 32:7. Ila usimhoji mwenzako kama karani anayejaza fomu. Anza wewe kusimulia ya kwako, halafu uliza dogo tu: Ukilia, nani alikuwa anakubembeleza? Giza likiingia ulikuwa unaogopa nini? Ukikosea, ulikuwa unakimbilia wapi? Akianza kuzungumza, weka simu chini, na usimkatize kwa hadithi yako iliyo kubwa kuliko yake.

Si kila utoto ni wa kusimuliwa kwa urahisi. Yusufu aliuzwa na ndugu zake akiwa kijana, na walipomsimamia mbele Misri aliingia chumbani akalia peke yake, akanawa uso, ndipo akatoka. Kama mpendwa wako bado yuko chumbani, usivunje mlango. Mngoje, na aone kwamba upo.

Na wenye wazazi wazee wasikawie. Paulo alimjua Timotheo mpaka kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, akajua kuwa ameyafahamu Maandiko tangu utoto. Sisi je, tunajua mama zetu walifundishwa kusali na nani? Wiki hii kaa karibu naye, umuulize hilo.

Tuombe. Baba, macho yako yalituona kabla hatujakamilika, na hakuna siku ya utoto wetu iliyofichika kwako. Mpe ujasiri anayetaka kusimulia na hajapata wa kumsikiliza. Nasi tupe masikio yasiyo na haraka, kwa jina la Yesu. Amina.