Feni ya AC imepona

Feni ya AC ya gari langu, ile inayopuliza hewa ndani na kwenye kioo cha mbele, ilianza kulia kama panya aliyebanwa mlangoni, kisha siku moja ikanyamaza kabisa. Kampala unashusha kioo, maisha yanaendelea. Ila nenda Kabale, kwenye baridi ya milimani, alfajiri, mvua inanyesha, kioo cha mbele kimejaa ukungu, unakifuta kwa leso huku lori linakuja mbele yako. Ndipo nikamtafuta fundi.

Alianza na fyuzi: nzima. Akachomoa plagi ya mota, akapima, umeme unafika. Basi mota yenyewe. (Ingekuwa inapuliza kwenye namba ya mwisho tu, ile ya kasi kubwa kabisa, angeshuku rezista kwanza, yaani kile kifaa kinachopunguza kasi ya feni, na hiyo ni nafuu.)

Mota imejificha nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Skrubu tatu, ikashuka na mvua ya vumbi jekundu, majani makavu na ganda la karanga. "Ssebo (bwana), hili gari lilikuwa linalima?" fundi akauliza. Brashi za kaboni, zinazopitisha umeme ndani ya mota, zimelika zikaisha. Chujio la hewa? Mahali pake patupu, sijui tangu lini.

Kisekka, soko la vipuri Kampala, nikapata mota iliyotumika. Muuzaji akaigusisha na betri palepale, nikasikiliza. Asiyekubali kukujaribishia, mwachie mota yake. Linganisheni pia plagi na upande inaozungukia, zinafanana sana kwa macho.

Chujio jipya nimeweka. Na gesi ya AC haikuguswa kabisa, kwa sababu mota hii haipo kwenye njia ya gesi. Fundi akikudai pesa ya kujaza upya kwa kazi hii, muulize kwa nini.