Siku Mama alipoingia baa Florida

Nilianza kupanga safari hii mwezi wa kumi na moja, tukiwa Atlanta, viza ya Mama hata haijatoka. Msinicheke. Walt Disney World, lile eneo la bustani za michezo kule Florida, si mahali pa kuamka asubuhi ukajiendea. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 100, lina bustani kubwa nne, kila moja na lango lake. Meza ya chakula unaiweka siku 60 kabla. Ile njia ya kulipia ya kukwepa foleni, Lightning Lane, sisi tusiolala kwenye hoteli zao tunafunguliwa siku tatu kabla, saa moja kamili asubuhi, nami asubuhi hizo nilikuwa macho tangu saa kumi na moja, simu mbili mkononi. Halafu kuna suala la umri: mtoto wa miaka 10 kule ni mtu mzima, tikiti yake ni kama yangu. Binti yetu alifikisha 10 mwezi wa tatu, safari ni mwezi wa nne. Mume wangu akaniuliza kwa nini sikumzaa mwezi wa tano.

Basi nikatengeneza ratiba, kurasa sita, kila nusu saa na kazi yake. Nikaifunga kwenye plastiki isilowe.

Ya njiani sina la kusema, ni saa saba za lami na misonobari. Hoteli yetu ilikuwa nje ya bustani, upande wa Kissimmee, kwa sababu ya bei. Kufika mapokezi tukakuta kuna "ada ya huduma" ya kila usiku ambayo kwenye tangazo haikuwepo. Huduma yenyewe ni taulo za bwawani. Bwawa lilikuwa limefungwa.

Kesho yake tukaliwa tena. Kibanda cha barabarani kilituahidi tikiti mbili nusu bei, sharti tukae dakika 90 tunywe chai na kusikiliza maelezo ya nyumba ambazo unanunua wiki moja ya kuishi kila mwaka. Tulitoka saa nane mchana, watoto wamenuna, mume wangu hasemi na mtu. Tikiti tulipata moja. Mama peke yake ndiye aliyefurahi. Muuzaji alikuwa amemwita "malkia".

Siku ya Magic Kingdom, mojawapo ya zile bustani nne, naipita. Ilikwenda kama ratiba ilivyosema, ndiyo maana haina hadithi.

Siku ya tatu ilikuwa Animal Kingdom, bustani ya wanyama waliyoifungua mwaka 1998. Sehemu yake ya Afrika imejengwa kama mji wa pwani, jina lake Harambe, na waliobuni walichota mengi kutoka Lamu. Hayo nilishayasoma. Nilichosahau ni kwamba mtu ninayempeleka humo amezaliwa Pangani.

Mama alisimama getini kwa mji akaanza kusoma vibao kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tamu Tamu. Ziwani. Mombasa. "Kumbe Wamarekani wanajua kuandika," akasema. Kijana mmoja wa kazi akampungia mkono: "Jambo!" Mama akamwangalia juu mpaka chini, akasubiri shikamoo, haikuja. "Mtoto mkubwa vile," akaninong'oneza.

Nikamwambia apumzike kivulini, magoti yanamsumbua, nami nipeleke watoto msalani. Saa tano na robo tulikuwa na nafasi yetu ya Expedition Everest, ile treni ya kupiga mayowe. Dakika kumi tu, nikasema.

Nikarudi, Mama hayupo kivulini.

Niliona baibui kwanza. Kisha nikaona kiti kirefu. Mama yangu, aliyekwenda Makka mwaka 2011, amekaa kaunta ya baa, mkoba mapajani, anamweleza dada wa nyuma ya kaunta kwa Kiswahili cha taratibu: "Ya magoti, mwanangu. Isiwe kali, nina presha." Yule dada, beji yake imeandikwa Botswana, anatabasamu bila kuelewa hata silabi, isipokuwa neno moja. "Dawa?" Mama akajibu, "Eeh, dawa." Na dada akaanza kukata ndimu.

Juu ya vichwa vyao kibao kinasema Dawa Bar.

Waliokaa Nairobi wanajua, dawa ya baa ni vodka, asali na ndimu. Mama hajakaa Nairobi. "Njoo uone," akaniita, uso unang'aa, "wenzetu bado wanatibu kwa ndimu." Nilifika chupa ikiwa imeshainuliwa.

Nilipomweleza hakuruka kwenye kiti kama nilivyotarajia. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akaagiza maji, akamfundisha yule dada kusema shikamoo, kisha akahamia kwenye benchi na hakuondoka tena. Saa tano na robo ikapita. Saa sita ikapita. Simu yangu ikawa inatetema mfukoni kama ina homa.

Alikuwa anaangalia ukuta. Plasta imebanduliwa kwa makusudi, mawe yanaonekana, rangi imepaukishwa. "Hili ni gofu," akasema, "lakini jipya." Nikamwambia ndivyo walivyotaka. "Wamejenga gofu?" Akasogea kugusa. Karibu yake pameandikwa Uhuru 1961, na yeye mwaka huo alikuwa na miaka mitano. Akauliza bahari iko wapi. Hakuna, nikasema, ni mto tu. Nikamwambia pia kwamba njia ya kwenda kuona gorila zamani iliitwa Pangani. "Pangani gorila wametoka wapi? Kuna ngedere, tena wezi."

Hapo mwanangu wa kiume, ambaye hajui siri ni nini, akamtajia bibi yake kwamba kuegesha gari tu ni dola 30. Mama akapiga hesabu ya shilingi kwa vidole. Elfu themanini, hivi. Akanitazama. Ya tikiti hakuuliza, nikashukuru.

Nyumba yetu ya Pangani, ile ya babu, ukuta wa mbele umebanduka vilevile tangu masika ya mwaka juzi. Kila nikipiga simu, mjomba ananikumbusha.

Mama akaomba simu yangu, akaupiga picha ukuta wa Harambe mara nne, akamtumia kaka yake pamoja na sauti: "Ile nyumba msiipake chokaa kwanza. Huku watu wanalipa kuona."

Mjomba alijibu usiku huohuo, akauliza hela ya saruji iko wapi.